TAHADHARI: Muuzaji wa betri za helikopta zenye ujazo wa uongo na kengele ya volti isiyosema kweli

Ndugu zangu mnaorusha helikopta za umeme za rimoti, kuna muuzaji wa mtandaoni anayeuza betri za lipo (lithiamu-polima) za seli 6 pamoja na kengele ndogo ya volti, yaani kifaa kinachosoma volti za kila seli na kulia zikishuka mno, ambayo anaitoa bure kama zawadi kwa mteja. Nawaomba msinunue seti hiyo, na kama mmekwisha kuinunua msiirushe kabla ya kuipima, kwa sababu ujazo ulioandikwa kwenye betri ni wa uongo, na ile kengele ambayo ingeufichua uongo huo inasoma volti nyingi kuliko zilizopo.

Stika ya betri niliyopokea ilisema miliampea-saa 5000 (kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba). Betri zangu za zamani za ujazo huohuo, nikizirusha kwa dakika 5, chaja huzirudishia takriban miliampea-saa 3900, yaani hutua zikiwa na zaidi kidogo ya asilimia 20, akiba ambayo warushaji wengi huiacha ili seli zisiharibike. Kwa hiyo sikuibadilisha saa ya rimoti inayohesabu dakika za kuruka, nikaiacha kwenye dakika 5. Kabla dakika ya 4 haijaisha, mlio wa rota ulianza kulegea, kengele ikalia helikopta ikiwa tayari inashuka, na mota ikakata. Ndege ya mabawa ingeelea kidogo. Helikopta ikikosa nguvu, unabaki na muda mfupi sana wa kushusha pembe ya mapanga na kutua kwa mzunguko uliosalia. Sikuwahi. Shafti kuu ilipinda na mapanga yote mawili yakavunjika.

Baada ya betri kupoa niliipima kwa multimita, na seli ya 4 ilikuwa na volti 2.7, ilhali seli ya lipo haifai kushuka chini ya volti 3.0. Niliichaji taratibu, nje ya nyumba, nikiisimamia muda wote (jambo ambalo sishauri mtu aliige), ikajaa kwa miliampea-saa 3140 tu. Niliiweka kwenye mizani ya jikoni ikasoma gramu 515, wakati betri halisi ya seli 6 na ujazo wa 5000 kwa kawaida hukaribia au kuzidi gramu 700. Nilipobandua pembe ya stika kwa ukucha, chini yake palikuwa na stika nyingine iliyofifia, yenye tarakimu 3300.

Kengele nayo niliichomeka kwenye plagi ya balansi (plagi ndogo yenye waya za kila seli) ya betri yangu ya zamani isiyo na kasoro, nikaweka ncha za multimita kwenye seli ileile. Multimita ilisema 3.62, kengele ilisema 3.88. Ukiitega ilie kwenye 3.5, kwa hakika italia seli ikiwa imefika karibu na 3.24, na kwa mota inayovuta umeme mwingi hapo hakuna tena cha kuokoa.

Nilipodai fedha zangu, muuzaji aliniomba video ya betri ikiwa imechomekwa kwenye kengele yake, kisha akajibu kwamba namba zinaonyesha betri ni nzima na kosa ni la urushaji wangu. Hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Nilipomtumia picha ya stika mbili alinizuia, na siku chache baadaye tangazo lilirudi kwa jina jingine la duka, lakini kwa picha zilezile na maelezo yaleyale ya zawadi ya kengele.

Mwenye betri hizo aanze na mizani, kisha ailinganishe kengele na multimita, na akitaka kuirusha betri, airushe dakika 2 tu karibu na ardhi, aone chaja inarudisha kiasi gani ndipo apige hesabu ya dakika. Iliyovimba isichajiwe kabisa. Ukidai fedha, tuma picha ya mizani na ya multimita, na usikubali kuirekodi kengele yake.