Unga wa triphala na mpira wa munganga: nilivyotibiwa bawasiri Lubumbashi

Madereva wenzangu wa Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia, hii ni yenu. Mtu akishinda kwenye kiti cha lori akingoja foleni ya mpaka, hanywi maji kwa kuogopa kutafuta choo, jioni anakula bukari (ugali) na nyama bila sombe (majani ya muhogo), bawasiri haikawii. Yangu ilikuwa ya ndani: kinyama kinatoka nikienda haja kubwa, kinarudi chenyewe, na damu nyekundu inadondoka.

Unga wa triphala niliununua kwenye duka la dawa za Kihindi mjini. Ni matunda matatu yaliyokaushwa na kusagwa: amla, haritaki na bibhitaki. Una rangi ya udongo, na ukali wake unakausha ulimi mpaka kwenye fizi. Nilikoroga kijiko cha chai katika maji ya vuguvugu kabla ya kulala; asubuhi choo kilipita laini, bila kujikamua. Kwa hilo nausifu sana, maana kujikamua ndiko kunakovimbisha mishipa ya njia ya haja kubwa, ambayo ndiyo bawasiri yenyewe. Ila damu haikukata, na kinyama kiliendelea kutoka.

Muuzaji alitaka kuniongezea vidonge vyeusi ndani ya kifuko cha nailoni, havina jina wala tarehe. Nilivikataa. Kuna dawa za Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya Kihindi, zinazotengenezwa kwa zebaki na madini mengine, na zilipopimwa, baadhi zilikutwa na madini ya risasi na aseniki, ambayo ni sumu. Dawa isiyo na karatasi usiimeze, ndugu yangu, hata ukibembelezwa namna gani.

Kwenye kliniki, munganga, yaani daktari, alinipima kwa kidole, kisha kwa kibomba chenye taa. Aliniuliza kama nimekonda, kama choo kimekuwa cheusi, kwa sababu saratani ya utumbo nayo hutoa damu. Hapo ndipo akavalisha kampira kadogo kwenye shina la bawasiri. Kale kampira kanazuia damu kufika, nyama inanyauka na kudondoka yenyewe baada ya siku chache. Hakuna kisu: kule ndani hakuna maumivu makali kama kwenye ngozi ya nje. Nilihisi kubanwa tu, na hamu ya kwenda choo mpaka usiku. Alinisisitizia: homa, damu nyingi au kushindwa kukojoa, nirudi mbio.

Unga wangu hakuudharau. Alisema choo kiendelee kuwa laini, maji ninywe, mboga nile. Hata India kwenyewe waganga wa Ayurveda wana kshara sutra, uzi uliopakwa utomvu na manjano, wanaofunga kwenye shina la bawasiri. Na hiyo ni kazi ya mtaalamu, si ya dukani.

Sasa damu imekata. Unga naupa nyota tatu, kliniki tano, ingawa foleni yake ni ndefu: fikeni kabla ya saa moja asubuhi. Na mama mwenye mimba asiguse triphala kabla ya kumuuliza munganga.