Ushauri wa wachavushaji kwa wakulima wa alizeti: tathmini yangu baada ya msimu mmoja

Msimu uliopita nililipia huduma ya ushauri kuhusu wachavushaji, yaani nyuki na wadudu wengine wanaohamisha chavua kati ya maua, inayotolewa na kikundi kimoja cha wafuga nyuki hapa Singida, kwa ajili ya ekari zangu nne za alizeti aina ya Record.

Nilidhani tungeanza na mizinga. Badala yake, mshauri alizunguka mpaka wa shamba akiwa ameinama, akanionyesha vitundu vyembamba kwenye udongo mgumu chini ya mgunga, kila kimoja kikiwa na kirundo cha vumbi mdomoni. Alieleza kwamba nyuki wengi wa porini hawaishi kwenye mzinga wala hawana malkia, bali kila jike huchimba shimo lake na kutaga humo juu ya akiba ya chavua, hivyo trekta linapopita mahali hapo huangamiza kizazi cha msimu unaofuata. Niliacha ukanda wa hatua tatu bila kuulima, na maua ya porini yakachanua humo kabla ya alizeti na baada yake. Kwangu mimi, somo hilo peke yake lilistahili ada yote.

Alizeti ilipokaribia kuchanua, mshauri alifunika vichwa vitatu kwa vipande vya chandarua ili nyuki wasivifikie. Wakati wa mavuno tulivipukuchua kando ya vichwa vilivyoachwa wazi: vya chandarua vilijaa mapepe, yaani mbegu tupu zinazobonyea kwa kidole, ilhali vya wazi vilikuwa na mbegu nzito karibu hadi katikati. Anayepeleka magunia kukamua anajua hasara ya pepe.

Mizinga miwili ya nyuki wadogo wasiouma iliyoambatana na huduma haikuniridhisha. Iliwekwa juani, tena bila oili chafu kwenye miguu ya kichanja, na siafu wakaumaliza mmoja.

Kuhusu viuatilifu, nilishauriwa nisipulizie alizeti ikiwa na maua, na panapokuwa na dharura nipulizie jioni nyuki wakiwa wamerudi. Nilitii, lakini jirani yangu alipulizia saa tatu asubuhi, na kesho yake niliokota nyuki waliokufa kwenye mstari wa kwanza. Nitailipia tena huduma hii, kwa sharti moja: kikundi kiwakutanishe wakulima wote tunaopakana kabla alizeti haijachanua.