Vibao vya mkononi vya Keko: tathmini ya mwalimu wa Darasa la Pili

Nianze na ninachoamini, kwa sababu ndicho kipimo nilichotumia. Mwalimu hana haki ya kuhamia somo jingine kabla ya kuona kila mtoto amefika wapi. Si watoto kumi wa mbele, ni kila mtoto. Kifaa chochote cha darasani nakipima kwa hilo, na vibao hivi vimefaulu kuliko vyote nilivyowahi kutumia.

Ni vipande vya plaiwudi ya milimita 6, sentimita 20 kwa 30, vimepakwa rangi nyeusi ya ubao upande mmoja, vina tundu kwenye kona la kupitishia kamba ya kutundikia. Niliviagiza kwa fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, kwa shilingi 2,500 kila kimoja. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 ikikatwa kwa akili inatoa vibao 48, hivyo plaiwudi mbili zilitosha darasa langu la watoto 93 na vikabaki vitatu vya akiba. Jumla shilingi 240,000, wazazi wakachanga.

Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 madarasa ya mjini yamefurika, nami nafurahi kwamba watoto hao wako shuleni na si mitaani. Lakini darasa likiwa kubwa, mwalimu huzoea kuuliza kwa jumla. "Tumeelewana?" "Ndiyoooo, mwalimu!" Ndiyo ile siiamini. Watoto hawasemi uongo. Mtoto wa miaka saba au minane huitika kwa kuwa wenzake wameitika, na sauti za wanaojua huwabeba wasiojua. Ukifundisha kwa kuifuata, utamaliza mada zote na nusu ya darasa ikabaki nyuma bila wewe kujua.

Kwa vibao nafanya hivi: nasoma swali, wanaandika, wanakilaza kibao kifuani ili jirani asichungulie, kisha nasema "Inueni!" Majibu yote yanasimama mbele yangu kwa mara moja. Siku tuliyofanya 42 kutoa 17 niliona 35 kila upande, dirishani, katikati, mpaka madawati ya nyuma. Watoto wengi kiasi hicho hawawezi kubahatisha namba ileile. Walikuwa wamefuata kanuni waliyojitungia wenyewe: kwenye mamoja 2 haitoshi kutolewa 7, basi wakageuza wakatoa 2 kwenye 7 wakapata 5, kwenye makumi 4 kutoa 1 ni 3. Kazi yao ilikuwa na mantiki kamili, ila mantiki yenyewe ilikuwa potofu. Tukarudi kwenye vijiti: mafungu manne ya kumi na vijiti viwili pembeni. Fungu moja tukalifungua, vikawa vijiti 12, tukatoa 7, kisha tukatoa fungu moja kwenye matatu yaliyobaki. Walipoinua tena, 25 zilikuwa nyingi, na wale waliobaki na 35 niliwajua kwa sura, nikakaa nao wakati wenzao wanafanya zoezi.

Kwa daftari ningeliona kosa lile usiku, nikisahihisha nyumbani, na kesho yake mtoto angekutana na alama nyekundu juu ya kitu alichokwisha kukisahau. Naamini kosa linafundisha likishughulikiwa papo hapo, mtoto akiwa bado anakumbuka alikuwa anawaza nini. Na siamini kabisa kwamba fimbo inaweza kumwonyesha mtoto fungu la kumi linafunguliwaje.

Kuna faida nyingine ambayo haikuwa akilini mwangu nilipoagiza. Kwenye daftari wapo watoto wanaoandika herufi ndogo mno, wamefunika kwa mkono, kwa sababu kilichoandikwa pale kitabaki na mzazi atakiona. Kwenye kibao walewale wanaandika makubwa. Anaandika "buzi", ananiangalia, anafuta, anaandika "mbuzi". Anaandika "gombe", anajisomea kwa sauti, anaongeza herufi na kile king'ong'o, anapata "ng'ombe" bila mimi kutia neno. Wazee wetu wa pwani walijifunzia Kurani chuoni kwa mbao zilizoandikwa kwa wino na kuoshwa, aya kwa aya. Naona walijua kitu kuhusu watoto: maandishi yanayofutika yanawapa ujasiri wa kujaribu.

Sasa kasoro, nazo zipo. Vibao vya mwanzo vilikuja kingo hazijapigwa msasa, vikachoma vidole. Nilivirudisha, na fundi alivipokea bila ubishi. Baadhi vilipakwa rangi inayong'aa, chaki ikawa inateleza haiandiki. Vumbi la chaki ni tatizo kwa mtoto mwenye pumu, kwa hiyo tunafuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na hao wawili watatu wanakaa karibu na dirisha. Watoto wengine hufutia mikono ya sweta, mama zao wamelalamika, na wana haki.

Wapo waliniuliza kwa nini nisinunue vile vyeupe vya plastiki vya Kariakoo. Ni vyepesi, havina vumbi. Ila kalamu zake mtoto akisahau kifuniko zinakauka, na hapo kibao hakina kazi mpaka ununue nyingine. Boksi la chaki 100 nalivunja kila moja vipande vitatu na darasa zima linaandika. Natumia chaki za Maswa, Simiyu, hazikatiki ovyo. Vishikwambi tulivyopewa walimu baada ya sensa ya 2022 ninavipenda kwa kuandalia somo, lakini kishikwambi kimoja mkononi mwangu hakinionyeshi majibu ya watoto 93.

Kibao hakitunzi kumbukumbu, hilo lieleweke. Mama mmoja alikuja kuniuliza, "Mwalimu, mbona siku hizi daftari la mwanangu lina nafasi tupu?" Nikamwita mtoto, nikamsomea swali mbele ya mama yake, akajibu kibaoni. Mama aliridhika, lakini swali lake ni la haki, na wathibiti ubora nao wakija wanataka kuona mazoezi. Kwa hiyo kibao ni cha kujifunzia na daftari ni la kuonyesha ulichokwisha kujua. Nafunga kipindi kwa maswali matatu ya daftari, yenye tarehe, na nayasahihisha yote.

Ukitaka kuagiza, sisitiza plaiwudi. Zile mbao za unga ulioshindiliwa zikipata maji zinavimba na rangi inabanduka. Rangi iwe ya ubao, isiyong'aa, mikono miwili, na mkono wa kwanza ukauke kabisa ndipo wa pili upigwe. Kona zichongwe duara. Vikifika, kabla mtoto hajaandika chochote, paka kibao kizima kwa ubavu wa chaki kisha futa. Usipofanya hivyo maandishi ya kwanza yataacha alama isiyotoka.