Kununua nyumba Nyali kwa mkono wa wakili: tathmini ya huduma

Ofisi ya mawakili ninayoitathmini hapa ni ndogo, ina wakili mmoja mwandamizi na wasaidizi wachache, na kazi yake kubwa ni kuhamisha umiliki wa ardhi na nyumba katika kaunti za Mombasa na Kilifi. Niliitumia niliponunua nyumba ya ghorofani Nyali, mtaa wa jijini Mombasa, kutoka kwa mmiliki aliyekuwa akiiuza kupitia dalali. Jina la ofisi silitaji, kwa kuwa baadhi ya niliyo nayo ya kusema si sifa. Kwa jumla nimeridhika, na sehemu kubwa ya kuridhika huko inatokana na kazi iliyofanywa kabla muuzaji hajapokea hata shilingi moja kutoka kwangu.

Wanunuzi wengi humwendea wakili wakiwa wamekwisha kukubaliana bei na dalali, pengine wamekwisha kulipa fedha za kuishikilia nyumba, na wanachotaka ni mkataba uandikwe haraka. Wakili huyu hakubali kazi kwa mpangilio huo. Sharti lake la kwanza lilikuwa nisilipe chochote, kwa jina lolote lile, mpaka atakaponipa maoni yake kwa maandishi kuhusu hati ya muuzaji. Dalali alinung'unika sana, akadai kuna mnunuzi mwingine anayesubiri, lakini wakili hakutikisika.

Upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ndio hatua ambayo kila mtu anaijua. Cheti chake huonyesha mmiliki aliyesajiliwa ni nani, kama nyumba imewekwa rehani benki, na kama kuna zuio lililowekwa na mdai au na mahakama. Wapo mawakili wanaoishia hapo, na zamani huenda ilitosha. Tangu Aprili 2023 haitoshi tena, hasa kwa mtu anayenunua Nyali, kwa sababu Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa kwamba hati iliyosajiliwa haimlindi mnunuzi ikiwa ardhi yenyewe iligawiwa kinyume cha utaratibu tangu mwanzo. Kiwanja kilichobishaniwa kilikuwa papa hapa Nyali, kando ya bahari; kilikuwa kimeuzwa zaidi ya mara moja, na mnunuzi wa mwisho alijitetea kwamba alinunua kwa nia njema bila kujua dosari yoyote. Utetezi huo haukumsaidia. Kwa mnunuzi wa kawaida, maana yake ni kwamba wakili anapaswa kurudi nyuma hadi siku ardhi ilipotoka mikononi mwa umma.

Hicho ndicho alichokifanya wakili wangu, na hapo ndipo ninapompa alama zote. Aliomba nakala za hati ya kwanza ya kiwanja, za ramani iliyoidhinishwa wakati wa kukigawa, na za kila uhamisho uliofuata. Alimtuma mpima ardhi kulinganisha mipaka ya ramani na ukuta uliopo. Alikwenda kaunti kuhakikisha kwamba jengo lenyewe lilijengwa kwa ramani iliyopitishwa, jambo ambalo mimi binafsi nisingelifikiria, ingawa ghorofa isiyo na kibali inaweza kuamriwa kubomolewa hata kama hati ya ardhi haina doa.

Kisha likaibuka suala la hati ya nyumba yenyewe. Kwa miaka mingi, aliyenunua nyumba ya ghorofani nchini Kenya alipewa mkataba wa ukodishaji wa muda mrefu pamoja na hisa katika kampuni ya usimamizi, huku hati kuu ya kiwanja ikibaki kwa mjenzi au kwa kampuni hiyo. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu majengo yaliyogawanywa katika sehemu inataka kila nyumba iwe na hati yake, na mikataba ya zamani ibadilishwe. Majengo mengi yamechelewa. Kwa jengo letu, ramani ya mgawanyo ilikuwa imekwisha kuwasilishwa lakini hati za nyumba moja moja zilikuwa hazijatoka. Wakili hakunishauri niache ununuzi. Aliandika katika mkataba kwamba muda wa kukamilisha mauzo uhesabiwe kuanzia siku hati ya nyumba itakapotolewa, wala usihesabiwe kuanzia siku ya kutia saini kama ilivyo kawaida. Bila kifungu hicho ningeweza kudaiwa salio lote wakati muuzaji hana cha kunikabidhi.

Mkataba uliobaki ulifuata masharti ya mauzo ya Chama cha Mawakili cha Kenya, ambayo watu wengi hukutana nayo kupitia amana ya asilimia 10 ya bei na kipindi cha siku 90 cha kukamilisha mauzo. Amana ilishikwa na wakili wa muuzaji kwa niaba ya pande zote mbili, si kwa niaba ya muuzaji peke yake, na salio lililipwa kwa msingi wa ahadi rasmi kati ya mawakili. Ahadi hiyo si maneno ya adabu. Wakili akiivunja, Mahakama Kuu inaweza kumlazimisha aitekeleze, na ndiyo maana muuzaji hukubali kuachia hati kabla ya kulipwa salio. Ndiyo maana pia sipendi desturi iliyozoeleka ya wakili mmoja kuwahudumia muuzaji na mnunuzi ili kupunguza gharama: siku ugomvi unapozuka, hatakuwa na wa kumwahidi. Muuzaji wangu alikuwa ameoa wake wawili, na wakili wangu alidai idhini ya wote wawili kwa maandishi kwamba nyumba iuzwe, japo mmoja alikuwa hajawahi kuishi katika nyumba hiyo. Muuzaji aliona ni ukorofi. Mimi naona ni umakini.

Kuhusu gharama, ada ya wakili hutegemea bei ya mali na hupangwa na Amri ya Malipo ya Mawakili. Sheria inamkataza wakili kutoza chini ya kiwango hicho, kwa hiyo anayekuahidi nusu ya ada anakueleza jambo kuhusu tabia yake. Juu ya ada huongezwa VAT ya asilimia 16. Mzigo mkubwa zaidi, hata hivyo, si wake. Ni ushuru wa stempu, ambao mijini ni asilimia 4 ya thamani, na nje ya miji ni asilimia 2. Nyumba ya shilingi milioni 10 mjini inamtoa mnunuzi shilingi 400,000, na mthamini wa serikali akiona bei iliyoandikwa ni ndogo kuliko thamani halisi, hesabu hupanda.

Kasoro za ofisi hii zipo, na si ndogo. Mawasiliano yake ni dhaifu mno. Msaidizi hupokea simu, huahidi kwamba wakili atapiga, na wakili hapigi. Taarifa nilizozipata mapema nilizipata kwa sababu nilikwenda ofisini na kukaa. Hesabu ya matumizi madogo madogo, yaani upekuzi, usafiri, nakala na malipo ya kaunti, ilikuja mwishoni ikiwa jumla moja isiyo na mchanganuo, na risiti zilitolewa baada ya kuombwa tena na tena. Ofisi inayodai karatasi zote za muuzaji tangu enzi za babu zake ingeweza kutunza za mteja wake.

Niongeze kwamba wakili aliniambia waziwazi kuwa hashughulikii nyumba bila ardhi, yaani nyumba za mitaa kama Majengo ambako mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Ni heri aliyekataa kazi asiyoimudu, lakini kwa jiji la Mombasa pengo hilo linawaacha watu wengi nje.

Kwa anayeuza, siwezi kuipendekeza ofisi hii kwa moyo mmoja. Dada yangu aliitumia kuuza nyumba aliyoishi mwenyewe kwa miaka mingi mfululizo, nao wakaanza kumwandalia malipo ya kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Makao ambayo mmiliki ameishi mfululizo kwa angalau miaka 3 kabla ya kuyauza yamesamehewa kodi hiyo, na aliyelitambua hilo alikuwa mhasibu wa dada yangu, si wakili wake.