Mkeka wa namba nilioununua Darajani

Muuzaji alianzia 22,000, tukavutana mpaka 15,000. Ni plastiki nyembamba yenye mstari wa namba, 0 hadi 30, ukiutandaza unajaza baraza yangu yote.

Mjukuu wangu yuko darasa la kwanza. "Mbili, nne, sita" anaghani kama kasuku, ila muulize baada ya nane inakuja ngapi, anarudi mwanzo. Nikamsimamisha kwenye 0, nikamwambia aruke mbili mbili. Akatua kwenye 1! Kumbe pale aliposimama keshapahesabu moja. Kwenye daftari nisingeliliona kosa hilo asilani. Siku ya pili tukaweka komwe za bao la babu yake kila anapotua, alipoanza tatu tatu akakuta 6 na 12 zina komwe tayari, akacheka: "Bibi, hapa nishapita!"

Kasoro zipo. Nafasi baina ya 19 na 20 ni pana kuliko nyengine, mtoto anajinyoosha bure. Na kwenye saruji unateleza khasa, mie nimeukandamiza kwa mawe pembe zote nne. Wa skuli yao umechorwa kwa chaki uwanjani, hautelezi, lakini mvua ikinyesha ndiyo basi.