Kufuli la mbali kwenye simu: linamzuia mwizi au linamchelewesha tu?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo sina simu mpya ya kuwaonyesha. Nachambua kitu kilichomo tayari ndani ya simu uliyoshika, kitu ambacho huenda hujawahi hata kukigusa: lile kufuli linaloifanya simu yako isimfae mtu mwingine ikishaibwa. Kamera tunaipima kwa picha, betri tunaipima kwa saa. Hili kufuli, mimi nalipima kwa swali moja. Je, linamfanya mwizi aiache simu mfukoni mwa mwenyewe?

Angalieni hapa mezani. Kushoto iPhone, kulia Android. Zote nimezifuta kabisa bila kupitia kwenye setingi, kama atakavyofanya mtu asiyejua namba yako ya siri. Naziwasha. Lugha, nchi, waifai... haya, zimegoma. Hii inataka akaunti ya Apple ya mwenye simu. Hii nyingine inataka akaunti ya Google iliyokuwemo kabla, au ile namba ya kufungulia skrini. Kioo kinawaka, betri imejaa, lakini hakuna unachoweza kufanya nazo.

Kwa macho zinafanana, ila kilicho nyuma ya skrini hizi mbili ni tofauti. iPhone ikishafutwa, lazima iombe ruhusa kwenye sava za Apple kabla ya kuanza kazi, na sava ndizo zinazojua simu hii ni ya nani. Fundi anaweza kuiflashi mpaka alfajiri, jibu halibadiliki, kwa sababu kufuli haliko kwenye simu. Kwa Android, alama ya kumtambua mwenye simu kwa kawaida huhifadhiwa kwenye kisehemu cha memori ya simu yenyewe ambacho hakifutiki pamoja na vingine. Na kwa kuwa kipo ndani ya simu, watu wamekitafutia upenyo kwa miaka: mara kupitia kibodi, mara kupitia setingi za wenye ulemavu wa macho, mara kivinjari kinafunguka pasipotakiwa. Kuanzia Android 15, Google wamekaza. Hata ukifanikiwa kuruka hatua za mwanzo, simu inaendelea kukubana mpaka utaje akaunti au namba ya mwenyewe. Kwenye raundi hii ya kwanza nampa Apple ushindi, na Google anapunguza pengo.

Sasa, haya makufuli hayakuja kwa hisani tu. Mwaka 2013, Eric Schneiderman, mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, na George Gascón, mwendesha mashtaka wa San Francisco, waliwashika mashati watengenezaji wa simu. Hoja yao ilikuwa ya kibiashara kuliko ya kipolisi: simu isiyowaka kwa mnunuzi haina soko, na kitu kisicho na soko hakiibwi. Septemba mwaka huohuo Apple wakaleta kufuli lao, Activation Lock, pamoja na iOS 7, toleo jipya la mfumo wa iPhone. Mei 2014 jimbo la Minnesota likawa la kwanza Marekani kuweka sheria ya kulazimisha simu janja ziwe na kinga kama hii, Agosti California ikafuata, na zote mbili zikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2015. Google nao walileta kufuli lao na Android 5.1, Machi 2015.

Sheria ya California ina kipengele ambacho kwangu ndicho roho ya jambo lote: kufuli liwe limewashwa tangu mwanzo, na asiyelitaka ndiye ahangaike kulizima. Fikiria uko kwenye nafasi ya mwizi. Unaiona simu mkononi mwa mtu barabarani. Huwezi kujua kama huyu amewasha kufuli au hajawasha. Kama waliowasha ni wachache, unakwapua tu, bahati nasibu iko upande wako. Kama karibu wote wamewasha, unahatarisha kipigo na jela kwa ajili ya kipande cha kioo. Maana yake ni kwamba kufuli la jirani yako linakulinda wewe, na lako linamlinda yeye. Ndiyo maana huwa nakasirika kidogo mtu akiniambia "mimi nimezima, linanisumbua." Unajizimia na wenzako.

Je, lilifanya kazi? Februari 2015, Schneiderman, Gascón na Boris Johnson, aliyekuwa meya wa London wakati huo, walitangaza kwamba katika miezi 12 baada ya Apple kuleta kufuli, wizi wa iPhone ulishuka kwa asilimia 40 San Francisco na asilimia 25 New York. London, wizi wa simu janja ulipungua kwa nusu. Wenye takwimu ndio haohao waliokuwa wakiipigania hoja, kwa hiyo zipokeeni kwa tahadhari. Lakini hata Consumer Reports, shirika la Marekani linalopima bidhaa kwa ajili ya wanunuzi, ambao hawakuwa na kura za kutafuta, walikadiria simu milioni 3.1 ziliibwa Marekani mwaka 2013, na milioni 2.1 mwaka 2014. Kushuka namna hiyo ndani ya mwaka mmoja si jambo la kubeza.

Kulikuwa na waliopinga pia, na hawakuwa wajinga. Chama cha makampuni ya simu cha Marekani, CTIA, kilisema ukiweka amri ya kuiua simu moja kwa moja, siku moja mdukuzi ataipata amri hiyo. Electronic Frontier Foundation, shirika linalotetea haki za watu mtandaoni, nao hawakuipenda sheria ya California, wakihofia nani mwingine atashika amri hiyo. Bahati nzuri tulichonacho leo ni kufuli linalofunguka kwa mwenyewe, na sheria ile ilidai hivyo: mwenye simu akiipata, aweze kuirudisha kazini. Kwangu huo ulikuwa uamuzi sahihi.

Haya, mwizi naye hakukaa kimya. Njia yake ya kwanza ni spea. Simu iliyofungwa bado ina kioo, kamera na betri. Kwenye iOS 18 Apple walianza kulifuatilia hilo: ukiweka kipande kilichotoka kwenye simu yenye kufuli, simu iliyowekewa inakataa kukioanisha nayo mpaka mwenye ile simu ya kwanza atoe idhini. Ni hatua nzuri, ingawa haigusi kila kipande.

Njia ya pili ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu inapita kwako wewe mwenyewe. Mwaka 2023 gazeti la Wall Street Journal lilieleza jinsi wezi walivyokuwa wakiwachungulia watu wakiandika namba ya siri kwenye baa, kisha wanainyakua simu. Wakati ule, mtu mwenye iPhone yako na zile tarakimu chache aliweza kubadilisha neno la siri la akaunti nzima ya Apple, na kufuli likawa lake. Januari 2024, na iOS 17.3, ikaja Stolen Device Protection. Ukiwa mbali na sehemu unazozizoea, mabadiliko makubwa yanataka uso au kidole chako, unasubiri saa moja, halafu unathibitisha tena. Ilipotoka ilikuwa imezimwa, kwa hiyo fungua setingi sasa hivi, ingia sehemu ya Face ID na namba ya siri, uhakikishe imewaka. Nakusubiri.

Njia ya tatu ni ujumbe. Siku chache baada ya kuibiwa unapata meseji: "Simu yako imepatikana, bonyeza hapa." Linki inakupeleka kwenye ukurasa unaofanana kabisa na wa Apple, unaandika neno la siri, na umewafungulia mlango. Wengine wanatisha, wanataka uiondoe simu kwenye akaunti yako. Usiiondoe. Ikishatoka kwenye akaunti, kufuli limekwisha.

Na hapa niseme jambo ambalo matangazo hayasemi: ile amri ya kuifunga simu unayoituma kutoka mbali ukishaibiwa ndiyo sehemu dhaifu ya bidhaa hii. Inahitaji simu iwe na mtandao, na mwizi mzoefu huchomoa laini au huweka hali ya ndege kabla hajakata kona. Itume hata hivyo, ila nguvu kubwa iko kwenye kufuli lililokuwepo kabla hajakugusa. Ndiyo sababu nimeyapenda mambo ambayo Google waliyaleta kwa simu za kuanzia Android 10: simu inahisi imekwapuliwa na mtu anakimbia nayo, inajifunga skrini yenyewe. Ikikaa muda bila mtandao, inajifunga pia. Yako kwenye setingi, sehemu ya Google, ulinzi dhidi ya wizi. Mengine unayawasha kwa mkono wako, na kwa hilo nawapunguzia maksi.

Namba ya IMEI, ile ya kuitambulisha simu yenyewe, je? Bonyeza *#06#, andika zile tarakimu 15 mahali nje ya simu. Kwa namba hiyo makampuni ya mitandao yanaweza kuizuia simu isitumie laini, lakini waifai inaendelea, na si kila nchi inasoma orodha moja ya simu zilizozuiwa.

Hukumu yangu: kama kizuizi cha wizi, kufuli hili nalipa alama nane kwa kumi. Kama njia ya kurudishiwa simu yako, tatu.

Anayeumizwa na kufuli hili bila kosa ni mnunuzi wa simu iliyotumika. Usitoe hela mpaka simu ifutwe mbele yako, iwashwe upya, na ifike skrini ya mwanzo bila kuuliza akaunti ya mtu. Nawe unayeuza, toka kwenye akaunti kwanza ndipo uifute, usifanye kinyume chake.