Kabla hujabadili prosesa ya gemu, uliza kache

Mwaka jana nilitoa shilingi laki tatu na nusu kununua prosesa, na kompyuta ikaendelea kukwama palepale ilipokuwa ikikwama. Nilikuwa na prosesa ya AMD, Ryzen 5 2600, kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya B450, RAM ya GB 16 na kadi ya picha ya Radeon RX 6600. Nilikwenda Kariakoo kutafuta Ryzen 5 5600. Muuzaji akaniambia, "Dada, hiyo imeisha, lakini chukua hii 5600G. Hii ndiyo kubwa yake, ina mpaka picha ndani." Nikaamini. Namba ni ileile, imeongezwa herufi moja tu. Nani angedhani herufi inapunguza kitu?

Inapunguza nusu ya kache, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Ryzen 5 5600 ina MB 32 za kache ya L3. 5600G ina MB 16. Na ile 2600 niliyoichomoa nayo ilikuwa na MB 16. Nilitoa laki tatu na nusu nikahama kutoka 16 kwenda 16. Sikatai, 5600G ni ya kizazi kipya na wastani wa fremu, yaani picha zinazoonyeshwa kila sekunde, ulipanda. Lakini kwenye gemu ya Warzone, nikiingia tu mahali penye watu wengi, picha ilikuwa inaganda kidogo halafu inaruka, na mkwamo wa aina hiyo ndio ulionitoa nyumbani kwenda dukani.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia kori wala gigahezi; hizo kila tangazo linazitaja. Nazungumzia kache, kwa sababu hakuna anayeiandika kwenye tangazo.

Mfikirie mpishi. Chumvi, mafuta na vitunguu vikiwa kando ya jiko, mkono unafika bila yeye kuondoka. Meza ikiwa ndogo, kila dakika anakwenda stoo nyuma ya nyumba na sufuria inamsubiri. Kache ndiyo hiyo meza, na RAM ndiyo stoo. Gemu yenye wachezaji wengi na ramani kubwa huitisha vitu vidogo vidogo bila mpangilio, na kila safari ya kwenda stoo inaonekana kwenye skrini kama mkwamo. Wastani wa fremu hauonyeshi hili vizuri. Tazama fremu za chini kabisa, zile zinazoandikwa "1% low".

Lakini kwanza, je, prosesa ndiyo inayokusumbua? Weka programu ya MSI Afterburner, ni ya bure, ucheze sehemu ileile inayokuudhi huku ukitazama matumizi ya kadi ya picha. Yakikaa 97 hadi 99 kwa mia muda wote, kadi ndiyo imefika mwisho, na prosesa mpya haitakusaidia. Yakiwa 60 au 70 huku fremu ni chache na hujaziwekea kikomo, kadi inasubiri prosesa. Hakikisha tena kwa kushusha ukubwa wa picha kutoka 1080p hadi 720p: fremu zisipopanda, jibu umelipata. Kama skrini yako ni ya 60Hz na gemu haishuki chini ya 60, baki na hela yako. Na kama una kijiti kimoja tu cha RAM, ongeza cha pili kwanza, maana kijiti kimoja kinaibana prosesa yoyote.

Ukishapima na kuona tatizo ni prosesa, na mazabodi yako ni ya AM4 (soketi ya AMD inayopokea prosesa hizi, kama B450 yangu), mimi napanga hivi.

Ya kwanza ni Ryzen 5 5600, na kwangu haina mpinzani. MB 32 za kache, wati 65, na ya boksi inakuja na feni yake, kwa hiyo hununui kitu kingine. Ilitoka Aprili 2022 kwa dola 199 za Marekani. Siku hiyohiyo ilitoka 5500 kwa dola 159, na hizo dola 40 ndizo bei ya MB 16 unazonyimwa. Kwa mwenye RX 6600 au kadi ya kiwango hicho, anayetoka kwenye 1600 au 2600, tofauti ataiona siku ya kwanza. Anayetoka kwenye 3600 asubiri kidogo; yake tayari ina MB 32, ingawa zimegawanywa mafungu mawili ya 16.

Ya pili ni Ryzen 7 5700X3D au kaka yake 5800X3D. Hapa AMD walibandika kipande cha kache juu ya chipu yenyewe, jumla ikafika MB 96. Kwa Counter-Strike 2 na Flight Simulator ni raha tupu, na ingekuwa ya kwanza kama ingekuwa rahisi kuipata. Zimeadimika, wenye nazo wanauza zilizotumika kwa bei ya kuumiza, na haziji na feni. Kama kadi yako ya picha si ya nguvu, usijisumbue nazo.

Ya tatu, 5700X: kori 8, kache ileile ya MB 32, bila feni. Inamfaa anayecheza huku akirusha gemu moja kwa moja mtandaoni au anayehariri video. Kwa gemu peke yake, hela ya ziada huioni.

5500 na 5600G sizipendekezi kwa mwenye kadi ya picha. Asiye na kadi kabisa, 5600G inamfaa sana.

Wenye Dell OptiPlex na HP za mtumba kutoka Uingereza: kama yako ni kizazi cha nne cha Intel, ukipata i7-4790 kwa bei ndogo weka, na usiongeze hela nyingine juu ya mashine ya RAM ya zamani, DDR3.

Intel? Napenda AMD na sifichi. Mazabodi iliyopokea 2600 ya mwaka 2018 inapokea 5700X3D ya mwaka 2024 kwa kusasisha BIOS tu, ile programu ya ndani ya mazabodi. Aliyenunua i5-7400 mwanzoni mwa 2017 hakuweza kuweka i5-8400 ya Oktoba mwaka huohuo bila mazabodi mpya, ingawa soketi zote zinaitwa LGA1151. Mtu anayehesabu shilingi hasahau jambo kama hilo. Kama tayari uko kwenye soketi ya Intel ya LGA1700 na i3-12100F, i5-12400F ni hatua nzuri. Kuhamia AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4, sasa sishauri, kwa sababu inataka mazabodi mpya na RAM ya DDR5, na bei ya RAM imepaa tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vikikimbilia mitambo ya akili mnemba. Sisi wa mwisho kwenye foleni ndio tunaolipa.

BIOS isasishe ukiwa bado na prosesa ya zamani ndani. Azima UPS hata kwa jirani, maana umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza kufa.

Sasa wauzaji. Tangazo linasema "Ryzen 5 5600 series", bei "njoo inboksi". Ukienda inboksi unaulizwa uko wapi, na bei inategemea jibu lako. Ukiuliza kache unaambiwa "dada hiyo ni mambo ya ndani, hii inapiga kazi". Risiti ina mhuri kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nilirudi siku ya pili na boksi halijachanika, nikaonyeshwa mhuri. Hasira haijaniisha, kwa sababu yule kijana alijua anachouza na alijua nilichokiomba.

Kwa hiyo usilipe kabla prosesa haijawashwa mbele yako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, fungua Performance, kisha CPU, usome chini: L3 cache. Ikiandika 16, rudisha. Kwa iliyofungwa, soma ubavu wa boksi: 5600 ni 100-100000927BOX, 5500 ni 100-100000457BOX. Muuzaji akikataa usisome, ondoka.

5600G yangu nilimuuzia mwanafunzi wa chuo asiye na kadi ya picha, kwa laki mbili, nikamwandikia kwenye karatasi kwamba kache yake ni MB 16. Miezi miwili baadaye nikapata 5600, na mikwamo ya Warzone imeisha.